Mondo na duma si wanyama wa sebuleni

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonitia hofu. Vijana wetu hapa Mombasa wanasambaziana kwa simu video za watoto wa duma na wa mondo, yule paka mwitu mwenye madoa na miguu mirefu, wakinyweshwa maziwa kwa chupa katika majumba ya Ghuba, na kwa kuwa familia nyingi za hapa zina ndugu wanaofanya kazi Dubai au Maskati, picha hizo huwafikia zikiwa zimesifiwa na mtu wanayemwamini. Hapa Kisauni nimemsikia kijana mwenye akili timamu akiulizia namna ya kumpata mtoto wa mondo kutoka bara.

Video hizo hazionyeshi mtoto huyo alipatikana vipi. Duma ni mgumu mno kuzaa akiwa kifungoni. Wafalme wa Kimughal wa India walifuga duma wengi kwa ajili ya kuwindia, lakini katika kumbukumbu zake mfalme Jahangir alitaja uzazi mmoja tu, na mwingine uliothibitishwa haukupatikana hadi mwaka 1956, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia nchini Marekani. Hata leo ni vituo vichache vyenye eneo kubwa na wataalamu vinavyofanikiwa. Kwa hiyo mtoto wa duma anayeuzwa kwa siri, aghalabu amenyakuliwa kwa mama yake porini, Ethiopia, Somalia au kaskazini mwa nchi yetu, kisha akavushwa Ghuba ya Aden kwa mashua hadi Yemen, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Duma waliobaki porini duniani kote wanakadiriwa kuwa takriban 7,000 tu. Umoja wa Falme za Kiarabu wenyewe ulipitisha sheria mwaka 2016 kuwazuia watu binafsi kufuga wanyama wa aina hii. Basi tusiige leo kile ambacho wenzetu wameshakikataza.

Tuseme mtu amempata mondo. Huyu ni mnyama mwenye masikio yanayonasa mchakacho wa panya chini ya nyasi, anayeweza kuruka karibu mita 3 kumdaka ndege, na ambaye porini hutembea masafa marefu akisaka chakula. Ukimfungia katika fleti ya Nyali atatia mipaka yake kwa mkojo, juu ya makochi, mapazia na godoro, na hata kumhasi si dawa ya uhakika. Chakula ndicho kigumu zaidi, na hapa ndipo hata mwenye mapenzi ya dhati humuua mnyama wake bila kukusudia. Mondo humla panya au ndege mzima mzima, pamoja na mifupa na matumbo. Akilishwa nyama tupu ya buchani hukosa kalsiamu, na mifupa yake hupinda na kuvunjika angali mchanga. Jamii yote ya paka huhitaji pia taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama, ambayo ikikosekana macho hupofuka na moyo hudhoofika. Wapo wanaomng'oa kucha ili asikwaruze watoto, na kufanya hivyo ni kumkata pingili ya mwisho ya kila kidole. Huo ni ukatili mtupu.

Nimeambiwa kwamba akilelewa tangu uchanga atazoea. Ni kweli anaweza kumzoea mtu mmoja, lakini paka wa vichochoro vya Mji wa Kale ametokana na vizazi vilivyoishi na binadamu kwa karibu miaka 10,000, na hilo halipatikani kwa chupa ya maziwa. Simba Elsa, aliyelelewa tangu mwaka 1956 na George na Joy Adamson, alipendwa kuliko wanyama wengi, na bado walezi hao hao walifanya kazi kubwa ya kumfundisha kuwinda ili aishi huru katika mbuga ya Meru.

Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali, na kwa walio hatarini kutoweka adhabu ni nzito. Anayependa manyoya yenye mabaka anaye paka wa kufugwa aina ya Sokoke, ambaye Wagiriama wa Kilifi wamemjua tangu zamani na ambaye wafugaji wa Denmark walimthamini hata wakamtambulisha Ulaya.

Nawaomba maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) wafike katika shule na madrasa zetu kulieleza jambo hili, na wakaguzi wa bandari na barabara ya kutoka bara wawe macho. Ikiwa yupo ambaye tayari ana mnyama wa aina hii, asimwachilie usiku huko katika mbuga ya Shimba Hills akidhani anamtendea wema, kwani asiyefundishwa kuwinda atakufa njaa au ataingia mabandani mwa watu. Ampelekee habari ofisa wa KWS aliye karibu, mapema, mnyama angali na afya.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa