CEA si kipimo cha kumtoa mtu wasiwasi

Mhariri,

Inanisikitisha kuona watu wakipimwa CEA (protini ambayo saratani huweza kuipandisha) kwenye damu, wakaambiwa iko chini, wakaondoka wakiamini hawana saratani ya utumbo mpana. Protini hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1965, mara nyingi haipandi saratani ikiwa bado changa. Tena hupanda kwa mvutaji sigara au mgonjwa wa ini asiye na saratani kabisa. Kazi yake hasa ni kumfuatilia mgonjwa baada ya upasuaji. Hata kipimo kipya kinachosaka DNA ya uvimbe kwenye damu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2024, hukosa vinyama vingi vinavyoelekea kuwa saratani. Jamani, anayeona damu kwenye choo aombe achunguzwe utumbo kwa kamera, hata kama majibu ya CEA ni mazuri.

Msomaji wako