Kasha la nyaraka za Paulo

Tunis

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama umfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzima wa afya.

Uliniuliza imekuwaje watu waliofundishwa na Paulo, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu", wakauawa na mamlaka hiyo hiyo. Swali lako nilikwenda nalo Carthage, mwendo mfupi kwa treni kutoka hapa, nikaketi juu ya kilima cha Byrsa, mbele yangu bahari, nikasoma tena habari za Wakristo wa Scilli waliohukumiwa katika mji huo tarehe 17 Julai 180.

Kumbukumbu ya shauri lao ni fupi sana, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo katika Kilatini. Liwali wa Kirumi, Saturninus, aliwataka waape kwa roho mlinzi wa Kaisari, wapate msamaha. Speratus, msemaji wao, akajibu kwamba hajaiba kamwe, na kila anunuapo kitu hulipa ushuru, kwa sababu anamjua Bwana wake, Mfalme wa wafalme. Alipoulizwa kasha lao lina nini, alisema: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki.

Hapo, Baba, nilishindwa kuendelea kusoma kwa muda. Aliyeandika "mtu wa ushuru, ushuru" ndiye ambaye nyaraka zake zilikuwa kizimbani pamoja nao, na wala hawakuona kwamba amewasaliti. Donata, mmoja wa wanawake walioshtakiwa, alilisema kwa ufupi kuliko wote: heshima kwa Kaisari kwa kuwa ni Kaisari, bali hofu kwa Mungu. Si mbali na Petro: "Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme." Sisi tumezoea kuihubiri Warumi 13, ya kutii mamlaka, siku moja, na mnyama wa Ufunuo 13, yaani mamlaka inayowatesa watakatifu, siku nyingine, kana kwamba ni lazima kuchagua; lakini wao walilipa ushuru, wakatoa heshima, na kile kiapo peke yake wakakikataa.

Walipewa siku thelathini za kufikiri; Speratus akajibu tena kwamba yeye ni Mkristo, na wote wakakubaliana naye. Wanaume saba na wanawake watano walihukumiwa kufa kwa upanga, nao wakamshukuru Mungu.

Ninaifasiri kumbukumbu hiyo nikuletee uisome na wazee wa usharika. Nimekwama kwenye neno la Donata: niandike "hofu" kama katika Warumi, au "kicho"? Nijibu, nasubiri neno lako kabla ya kuikamilisha.

Wasalimie wadogo zangu wote.

Mwanao