Risala ya Kamati ya Chumba cha Ramani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Ramani za Kale

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Maktaba,
Waheshimiwa madiwani na wenyeviti wa vijiji mliopo,
Wazee wetu, walimu, wanafunzi na wageni waalikwa,
Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa leo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunatambua una majukumu mengi, na kukubali kwako kuja kuangalia karatasi za zamani siku ya kazi ni heshima ambayo Kamati hii haiichukulii kwa wepesi. Karibu sana, ujisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chumba cha Ramani kilianza kama rafu mbili nyuma ya magazeti. Ofisi zilipohama au kufungwa, ramani zao zililetwa hapa zikiwa zimefungwa kwa kamba, na watumishi wa maktaba wakazipokea badala ya kuziacha zichomwe. Leo tunahifadhi takribani ramani 900. Zipo nakala za chati za bahari zilizotokana na upimaji wa Kapteni William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliyepita pwani yetu na meli za Leven na Barracouta katika miaka ya 1820, kina cha maji kikiandikwa kwa pima (pima moja ni kama mita 1.8). Ipo nakala ya ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann iliyochapishwa miaka ya 1855 na 1856, inayoonesha bara likiwa na ziwa moja kubwa mno. Waliichora kwa masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara, na ndiyo iliyochochea safari ya wapelelezi Waingereza Burton na Speke mwaka 1857. Zipo shiti, yaani karatasi moja moja za ramani, za Kijerumani za skeli ya 1:300,000 (sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita tatu ardhini) zilizochapwa Berlin na Dietrich Reimer, ambazo Lushoto imeandikwa Wilhelmstal na Tukuyu imeandikwa Neu-Langenburg. Zipo ramani za jiolojia za 1:125,000. Na kundi kubwa kuliko yote ni shiti za 1:50,000 za mfululizo wa Y742, zilizochorwa kutokana na picha za anga.

Mafanikio yetu ni makubwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya maktaba hii, ramani zote zimeorodheshwa kwenye kompyuta: namba ya shiti, jina, skeli, mwaka wa upimaji, mwaka wa kuchapwa na hali ya karatasi. Tumeondoa pini zote za stepla na vibanio vyote vya chuma vilivyokuwa vikiacha kutu. Tumetenga bluprinti, yaani nakala za mistari myeupe juu ya buluu, peke yake, kwa kuwa rangi yake ya buluu hufifia ikikaa na karatasi zenye chokaa, na nakala za daizo, yaani nakala za michoro zinazotolewa kwa kemikali, tumezitenga mbali zaidi kwa sababu hutoa mvuke unaochafua jirani zake. Wanachama wamejifunza kuziba michaniko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao ukihitajika kutolewa hutoka kwa maji. Na maonesho unayoyaona leo, Mheshimiwa, yameandaliwa bila kuomba senti moja nje ya maktaba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya mafanikio hayo, kwa ruhusa yako tuingie kwenye jambo lililotufanya tukualike. Jambo hilo ni moja: makabati ya chuma ya kulazia ramani.

Kwa sasa sehemu kubwa ya ramani zetu zimeviringishwa na kusimamishwa ndani ya mapipa na maboksi. Ramani iliyosimama hivyo huumia sehemu tatu. Ncha ya chini hunyonya unyevu wa sakafu. Tumbo la mviringo hubonyea kwa uzito wake na kufanya mikunjo. Na kila msomaji anapoifungua, karatasi iliyozoea kujikunja hupambana na mikono yake, anaweka vitabu kwenye pembe nne, na kingo zinakatika. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kwa massa ya mbao kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 zina asidi ndani yake, hivyo miaka inavyopita zinakauka na kuvunjika. Hazichaniki kama kitambaa. Zinamomonyoka vipande vya ukubwa wa kucha.

Vipande hivyo vinatoka kwenye pambizo. Tunaomba, Mheshimiwa, ulitazame hili kwa karibu, na kwa ajili hiyo tumeweka shiti mbili kwenye meza iliyo mbele yako. Shiti ya kulia ni nzima. Pembezoni mwake imeandikwa namba ya shiti, tarehe ya picha za anga, msitari wa skeli, thamani za gridi, na mfumo wa vipimo uliotumika kutaja mahali kwa namba, ambao ni Arc 1960. Shiti ya kushoto ni ya mfululizo uleule, lakini pambizo la chini limekwisha. Milima ipo, mito ipo, majina yapo. Ila haijulikani ilipimwa lini wala kwa mfumo gani.

Hasara yake si ya wasomi peke yao. Vijiji vinakuja hapa kutafuta ushahidi wa mipaka, hasa tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilipovitaka kujua ardhi yao inaanzia wapi na kuishia wapi. Shiti zilizopimwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 zinaonesha nyumba, njia na visima vilivyokuwepo kabla watu hawajahamishwa. Mtu akisoma namba za mahali (koordineti) kwenye shiti ya Arc 1960 kisha akaziingiza kwenye simu yake, inayotumia mfumo wa WGS 84, bila kuzibadilisha, mpaka utasogea takribani mita 300. Mita 300 ni mashamba ya watu. Maneno yanayomwonya kuhusu jambo hilo yako kwenye pambizo, na pambizo ndilo linalobaki kwenye sakafu yetu kila jioni tunapofagia.

Unyevu nao una hesabu yake. Karatasi hutanuka ikilowa hewa na kusinyaa ikikauka, tena hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Shiti ya 1:50,000 inachukua dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, ambazo kwenye karatasi ni kama sentimita 55. Ikitanuka kwa nusu ya asilimia, ni karibu milimita 3, na milimita 3 hapo ni mita 150 ardhini. Ndiyo sababu tunawafundisha wasomaji wetu wapime kwa msitari wa skeli uliochapwa kwenye ramani yenyewe, kwa kuwa huo hutanuka na kusinyaa pamoja na karatasi. Nao uko kwenye pambizo.

Zipo pia chati za bahari. Kila nahodha aliyekuwa makini alirekebisha chati yake kwa kalamu kila tangazo la mabaharia lilipotoka, kisha akaandika namba ya sahihisho kwenye pembe ya chini kushoto. Pembe hiyo ndiyo inayotwambia chati ilikuwa bado hai hadi mwaka gani. Katika chati zilizokaa wima, pembe hizo ndizo za kwanza kuoza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hili si geni mezani. Wageni rasmi waliokutangulia waliliona kwa macho yao, wakasikitika pamoja nasi, na wakaahidi kwa vinywa vyao mbele ya hadhara kama hii. Tunawashukuru kwa moyo wao. Vipimo vya chumba vilichukuliwa. Picha zilipigwa. Tuliombwa andiko, tukaandika. Tukaombwa lifupishwe, tukafupisha. Tukaombwa ankara za kifani, tukazipeleka. Tuliambiwa makabati yangefika kabla ya masika. Masika yalifika, na baada yake masika mengine, na kila mara ukungu ulipanda kutoka chini ya maboksi. Tulipouliza kwa adabu, tulijibiwa tusubiri bajeti ijayo. Hatusemi haya kumlaumu yeyote, Mheshimiwa, ila tungekosa uaminifu kwako kama tungekuomba kana kwamba tunaomba kwa mara ya kwanza.

Wapo pia waliotupa kitu kingine badala ya tulichoomba. Tulipokea mashine ya laminesheni, na inatumika vizuri kwa vitambulisho na matangazo. Kwenye ramani hatuitumii na hatutaitumia. Plastiki ile hushikishwa kwa moto, na ikishashika haibanduki bila kuondoka na wino. Asidi iliyomo kwenye karatasi inaendelea kuila ndani kwa ndani. Selotepu ni hivyohivyo: gundi yake hugeuka kahawia, hupenya hadi upande wa pili, na doa lake halitoki.

Na wapo wanaotushauri tuskani kila kitu kisha tusihangaike tena na karatasi. Kuskani tunakutaka sana. Lakini ramani ya ukubwa wa A0, yaani kama sentimita 84 kwa 119, ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, faili moja lisilobanwa ni karibu megabaiti 420, na kila faili linahitaji nakala angalau tatu, moja ikiwa jengo jingine. Mashine za kuvuta karatasi kwa rola zinaichana ramani iliyokauka. Inayofaa ni kamera iliyofungwa juu ya meza. Zaidi ya hayo, ramani iliyoviringishwa haiskaniki mpaka inyooshwe kwanza: inawekwa kwenye chombo kilichofunikwa chenye unyevu usioigusa, ikilainika inalazwa kati ya karatasi za kunyonya maji na mbao zenye uzito, na karatasi hizo zinabadilishwa mara kwa mara hadi ikauke. Kabla ya yote hayo kila rangi inajaribiwa kwa pamba yenye maji, kwa kuwa rangi za mkono na mihuri ya ofisi huchuruzika. Sasa, Mheshimiwa, ramani iliyonyooshwa kwa kazi yote hiyo tukiirudisha kwenye pipa, tumefanya nini? Makabati yanatangulia.

Tunachoomba ni makabati manne, kila moja likiwa na droo kumi. Droo iwe na nafasi ya ndani ya sentimita 125 kwa 90, ili A0 ilale bila kukunjwa, na kina kisichozidi sentimita 5. Droo ya kina kirefu hujazwa kupita kiasi, na ramani ya chini hutolewa kwa kuburutwa. Chuma kiwe kimepakwa rangi ya unga iliyookwa tanuruni. Rangi ya mafuta ya kawaida hutoa mvuke kwa muda mrefu na hunata wakati wa joto. Droo zitembee kwenye reli zenye gololi na ziwe na kizuizi zisichomoke. Nyuma ya kila droo pawe na kifuniko kilichopinda, kwa sababu droo ikifungwa kwa nguvu shiti za juu huruka na kuangukia nyuma ya kabati, ambako hazionekani tena hadi kabati livunjwe. Kabati lisimame juu ya kitako cha sentimita 15, mbali na ukuta wa nje.

Tumeulizwa mara nyingi kwa nini tusichonge makabati ya mbao kwa bei nafuu. Mbao, hasa plaiwudi na mbao za kusindikwa, hutoa mvuke wenye asidi ndani ya droo iliyofungwa, na mchwa wa pwani hii hawahitaji mwaliko. Mafundi chuma wa mji huu wanaweza kazi hii iwapo watapewa mchoro, bati la kutosha na mahali pa kuoka rangi. Mchoro tunao, umeambatishwa na risala hii ukurasa wa mwisho. Kama kuagiza nje kunachelewesha, tuko tayari kwa njia hiyo.

Folda za karatasi isiyo na asidi tutazinunua sisi wenyewe kwa michango ya wanachama, na tutaweka shiti zisizozidi 15 kwa kila folda.

Yapo maombi mengine mawili, tutayataja kwa ufupi. La kwanza, mashine ya kupunguza unyevu hewani pamoja na ruhusa ya kuiwasha usiku na mchana. Kipima unyevu chetu husoma zaidi ya asilimia 75 wakati wa masika, na ukungu huota unyevu ukikaa juu ya asilimia 65. Kiyoyozi kilichopo huzimwa saa kumi jioni kubana umeme, hivyo chumba hupoa mchana, kisha hewa yenye joto na maji huingia usiku na kutua juu ya karatasi zilizopoa. Kwa ramani, afadhali kiyoyozi kisiwepo kuliko kiwashwe nusu siku. La pili, paa la upande wa mashariki linavuja juu ya mlango.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba jambo moja kuhusu hotuba yako itakayofuata. Endapo itakupendeza kulipokea ombi la makabati, utamke mbele ya hadhara hii tarehe ya utekelezaji na cheo cha ofisa tutakayemfuatilia, na mwandishi wa mkutano atayaandika yote mawili kwenye kumbukumbu. Endapo haitawezekana, tunaomba pia utuambie leo, ili tuanze kuchagua ni shiti zipi tuziokoe kwanza kwa uwezo wetu mdogo, kwa kuwa vuli hazitusubiri.

Tunakushukuru tena kwa kufika kwako, na tunakutakia afya njema wewe na familia yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Chumba cha Ramani