Pawabenki haipandi ndege kwa njia ya posta

Mhariri,

Wauzaji wa mtandaoni hapa Mwanza wanaotuma taa za sola, redio na mashine za kunyolea kwa wateja wa nje wanalalamika kurudishiwa vifurushi. Chanzo mara nyingi ni betri ya lithiamu, na wengine huzidisha balaa kwa kuandika “zawadi” kwenye fomu ya forodha. Eksirei haisomi fomu.

Kanuni za posta ya kimataifa huruhusu betri ya lithiamu iliyo ndani ya kifaa chake tu, zisizidi seli nne au betri mbili kwa kifurushi, na pale tu posta ya nchi inapokuwa na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Ulizeni hilo dirishani kabla ya kupokea oda. Betri ya akiba iliyowekwa kando ya taa haipiti. Pawabenki nayo huhesabiwa kuwa betri peke yake, si kifaa chenye betri, hata ikiwa mpya dukani Makoroboi.

Kisha pigeni hesabu ya wati-saa: volti mara ampea-saa. Betri ya 3.7V na mAh 2,000 (yaani ampea-saa 2) ni 3.7 × 2 = 7.4. Kikomo ni 20 kwa seli moja na 100 kwa betri ya seli kadhaa. Hapa ndipo lebo za uongo zinapowaumiza watu. Seli ya 18650, ile ya duara ndani ya tochi, huwa na mAh 2,000 hadi 3,500 hivi. Za bei poa huandikwa 9,900. Mkaguzi akizidisha anapata wati-saa 36.6 na kuikataa, ingawa ndani mara nyingi hamna hata robo ya nguvu hiyo. Mdai muuzaji wa jumla hati ya UN 38.3, jaribio la Umoja wa Mataifa la usalama wa betri za lithiamu. Asipokuwa nayo, mzigo huo uuzwe hapa hapa. (Betri ya asidi ya taa za dagaa ina kanuni zake, msiitie kwenye hesabu hii.)

Kifaa kizimwe, swichi izuiwe kwa kipande cha kadibodi na selotepu, boksi liwe gumu na lisiwe na nafasi ya kuchezacheza. Taa ikijiwasha safarini hupata joto. Seli ikipondwa hupiga shoti ndani, na moto wake huambukiza seli jirani. Kwenye fomu ya forodha ya CN 22 andikeni kwa Kiingereza: taa ya LED, betri ya lithiamu-ioni ndani ya kifaa, na idadi ya wati-saa zake. Mteja akiwa Kampala msidhani kifurushi lazima kitavuka ziwa kwa meli. Kikipangiwa ndege, masharti ni haya haya.

Jambo moja wengi hulisahau ni bidhaa mbovu. Betri iliyovimba au kupasuka hairuhusiwi kwenye posta, kwa hiyo msimwambie mteja wa Ujerumani airudishe. Mwombeni picha, mrudishieni fedha, naye aipeleke kwenye kituo cha kukusanyia betri huko kwao.

Mdau wa usafirishaji,
Mwanza