Kibanda cha mlimani sio kituo cha kuchajia baiskeli

Mhariri,

Miaka mingi nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, hata ile siku mlipochapa picha ya mlima imegeuzwa, kulia kukawa kushoto, nilijikaza nikasema basi, binadamu hukosea. Lakini ile makala ya Jumapili iliyopita ya vibanda vya milimani, zile nyumba za wapanda milima kupumzika na kulala, mnaikumbuka bila shaka, ile yenye picha ya baiskeli imeegeshwa mlangoni na kikombe kimewekwa juu ya siti, hiyo imenishinda. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Kwa mwandishi wenu kibanda cha mlimani ni mgahawa wenye mandhari nzuri. Unapita, unaagiza, unachomeka baiskeli yako ya umeme ichaji, unapiga picha, unaondoka zako. Kurasa mbili nzima na hakuna sentensi hata moja inayouliza hayo maji yametoka wapi, huo umeme umetoka wapi, na hizo taka zitashukaje. Nendeni pale Kibo kwenye njia ya Marangu kule Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,700 juu, hakuna bomba wala chemchemi, maji ya chai yanapandishwa na wapagazi kutoka chini, halafu unamkuta mtu anasuuza soksi. Kwenye milima ya Alps kule Ulaya vibanda vingi vinaletewa mizigo kwa helikopta, na vingine hata kinachotoka chooni kinashushwa kwa helikopta hiyohiyo, nadhani hilo mwandishi wenu angelijua asingeandika ile aya yake ya vyoo kwa dharau vile.

Msinielewe vibaya, kupita kibandani kupumzika ni halali kabisa, ndo kazi yake. Nawapenda wanaopita. Mi mwenyewe goti langu la kushoto lina miaka kumi linapita kwenye vibanda, mimi nalifuata tu. Na baiskeli naendesha, ya kukanyaga, kwa hiyo msije mkasema huyu mzee ana chuki na waendesha baiskeli. Ila kuna namna ya kuingia. Buti unavua mlangoni unavaa kandambili za pale ndani. Unaangalia kwanza kama kuna nafasi kabla ya kutandaza koti lako kwenye benchi zima. Ukitaka kulala unakuja na shuka lako, na saa nne usiku ni kimya kwa sababu kuna watu wanaamka saa tisa kwenda kileleni. Haya nayo yangejaza nusu ukurasa tu, na picha ya kikombe ingebaki.

Kule Norway chama chao cha watembea milimani kipo tangu 1868, na vibanda vyao vingi havina mtu wa kulinda. Unafungua kwa ufunguo wa chama, unakuta kabati la vyakula, unachukua unachokula, unaandika mwenyewe kwenye karatasi na unalipa. Hakuna anayekuchungulia. Nimekisoma kitu hicho mara ya kwanza nikacheka, nikasema kwetu sisi binadamu wa kawaida lingebaki kabati tupu na ufunguo wenyewe usingeonekana. Lakini kinafanya kazi, kwa sababu aliyeingia anajua kuna mwingine anakuja nyuma yake, kalowa, ana njaa. Hilo ndilo lilikosekana kwenye makala yenu yote, huyu anayekuja nyuma.

Sasa niwaambie kilichonikuta, maana bila hiki nisingeandika. Ilikuwa mwisho wa msimu, kibanda kimoja mita elfu mbili na kitu, sikitaji jina kwa sababu mtunzaji wake ni mtu mwema na hapendi makelele. Mvua tangu saa sita mchana, mimi nimefika na goti langu nimekaa karibu na jiko. Umeme wa pale ni sola, betri ziko chini ya ngazi, na mawingu yalikuwa yamekaa siku ya tatu. Juu ya soketi pekee ya wageni kuna kikaratasi kimeandikwa kwa mkono, simu tu, saa moja tu kila mtu. Saa tisa wakaingia vijana wawili na baiskeli za umeme, tope hadi kwenye nyusi, wakaomba kuchaji. Mtunzaji akawaambia hapana, akawaeleza taratibu kabisa mambo ya sola na mawingu, wakatikisa vichwa wakasema tumeelewa, wakaagiza supu. Baadaye naenda kutafuta soksi zangu kwenye shelfu ya viatu naona kijitaa cha kijani kinawaka katikati ya mabuti. Chaja, bwana mhariri, kubwa kama tofali, imechomekwa kwenye soketi ya ndani ya ukuta ambayo hata mimi wa miaka yote sikuijua, na mbili, sio moja, na juu yake wametupia koti ili isionekane. Nikajiambia hayanihusu. Hilo ndo kosa langu na nalibeba. Saa moja na nusu usiku taa zikazima nyumba nzima, puu, redio anayotumia mtunzaji kuongea na watu wa bondeni kila jioni nayo kimya, friji kimya, na sisi gizani tunapapasa mishumaa. Baada ya kama dakika ishirini mlango ukafunguka akaingia bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka kumi hivi, wanachuruzika maji, mtoto midomo imebadilika rangi. Walikuwa wanafuata dirisha. Ndivyo alivyosema yule bibi, tulikuwa tunafuata dirisha, halafu dirisha likapotea. Wamesimama mvuani na ukungu wote ule hawajui waende mbele au warudi, mpaka mtoto akasikia mtu anakohoa. Aliyekuwa anakohoa ni mimi, nimetoka nje kuvuta sigara ambayo daktari alinikataza. Yani uhai wa mtoto wa watu ulishikiliwa na kikohozi changu kwa sababu vijana wawili walitaka betri. Na mnajua waliuliza nini pale mezani, mbele ya mtoto amefunikwa mablanketi? Waliuliza umeme utarudi saa ngapi maana walikuwa wamefika asilimia sabini. Asilimia sabini! Na asubuhi yake njia yao ilikuwa ya kushuka. Kushuka, mhariri, kilomita zote mpaka bondeni, ambako hata mkokoteni hauhitaji mota.

Sijamaliza. Maana hawa wa kuchaji wana ndugu zao, wale wa kubuku nafasi za kulala. Mwandishi wenu anasifia kwamba siku hizi nafasi unabuku kwa simu ukiwa kitandani kwako. Ni kweli, na kuna vibanda lazima ubuku, kile cha Goûter kwenye njia ya mlima Mont Blanc kule Ufaransa, mita 3,835, usipokuwa na nafasi usipande. Sawa. Lakini kuna watu wanabuku vibanda vitatu kwa usiku mmoja, wanasubiri waone hali ya hewa, wanaenda kimoja, na viwili hawavipigii hata simu. Mtunzaji kapika sufuria ya watu arobaini, wamekuja ishirini na tano, na jana yake kawafukuza watu kwa kuwaambia pamejaa. Nilishalala sakafuni chini ya meza ya kulia katika kibanda ambacho usiku ule kilikuwa na vitanda sita vitupu, vyote vina majina ya watu. Nilivitazama usiku kucha. Na huyo jamaa aliyelala kitanda cha jirani na hivyo vitupu alikuwa anakoroma kana kwamba analipwa, lakini hilo sio kosa la gazeti lenu, nakubali.

Mwandishi anamalizia kwa kusema vibanda inabidi viende na wakati. Viende wapi? Kile cha Capanna Margherita, kwenye kilele kimoja cha mlima Monte Rosa upande wa Italia, mita 4,554, kilifunguliwa 1893 na Malkia Margherita mwenyewe alipanda mpaka pale juu. Na gauni, enzi zile. Sidhani kama alipofika aliuliza soketi iko wapi.

Lakini kwa kuwa mmependa maendeleo, nina pendekezo na naomba mlichape lote bila kukata. Kila kibanda kifungiwe baiskeli moja ya kusimama, ile haiendi popote, iunganishwe na dainamo, iwekwe hapohapo kwenye shelfu ya mabuti. Anayetaka kuchaji apande akanyage. Hesabu nimeshafanya, msihangaike. Mtu wa kawaida akikanyaga kwa bidii bila kupumzika anatoa kama wati 100. Betri nyingi za baiskeli za umeme ni kama wati-saa 500, yaani wati 100 kwa saa tano, nyingine 750, na hata hiyo ndogo peke yake ni sawa na kuchaji simu kama thelathini. Kwa hiyo betri ndogo ni saa tano za kukanyaga, kubwa ni saa saba na nusu, na hapo sijahesabu umeme unaopotea njiani. Akianza saa tisa mchana wakati supu inachemka, ile ndogo ataijaza saa mbili usiku, na taa ya dirishani iunganishwe hapohapo kwenye dainamo ili akisimama kupumzika tuione inafifia sote.

Naomba mwandishi wenu awe wa kwanza kuijaribu, na kikombe chake akiweke juu ya siti kama kwenye picha, tuone atakaa wapi. Mimi nitakuwa pale pembeni ya jiko na goti langu, nitamhesabia masaa.

Msomaji wenu aliyekuwa kimya