Yohana usimfukuze kwanza

Neema ndugu yangu,

Salamu sana, na unisamehe kwa ukimya. Tangu msiba wa bibi sijakuandikia, najua utanisema tukionana. Huku Mbagala tu wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Maharage yalifika, ila ndoo ya asali konda anasema hakuipakia yeye. Tuyaache hayo.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Ati mwisho wa mwezi unamwondoa Yohana mashineni, kwa sababu foleni haiishi na wewe mwenyewe umemkuta amekaa anachezea simu. Neema, ngoja kwanza.

Hesabu yako naijua. Mzigo mmoja dakika sita, kwa hiyo kwa saa anasagia watu kumi. Wanaokuja ni wanane. Sasa foleni ya nini kama si uvivu? Kwenye karatasi umeshinda. Lakini wateja wako hawaji mmojammoja kila dakika saba na nusu kama walioandikiwa zamu. Wanashuka watatu pamoja kutoka shambani, halafu kimya, halafu anatokea mwenye gunia zima amewatangulia wenye visado. Na ile robo saa Yohana aliyokaa bure asubuhi haiwekwi kiporo akaitumia jioni.

Haya nayapata darasani. Mwezi wa pili sasa nasoma jioni uigaji wa kompyuta, na usicheke, ndiyo mimi yuleyule niliyekuwa nanakili hesabu zako kidato cha pili. Unaijenga biashara yako ndani ya Excel: nani anafika lini, mzigo wake mkubwa kiasi gani. Kompyuta inachagua kwa bahati nasibu kama mtu anayerusha dadu, inaendesha siku nzima, kisha nyingine, hata siku elfu, wewe unahesabu watu walivyongoja. Wazo lenyewe lilimjia mtu anaitwa Stanislaw Ulam mwaka 1946, anauguza mwili huku anacheza karata peke yake. Akaona badala ya kuumiza kichwa na kanuni, heri acheze mara nyingi ahesabu ameshinda mara ngapi. Njia ikapewa jina la Monte Carlo, mahali penye kasino ya kamari, maana alikuwa na mjomba akikopa hela kwa ndugu ili akacheze huko. Nikamkumbuka mjomba wako, sisemi yupi.

Basi nikaingiza namba zako. Wakija watano kwa saa, mtu anangoja kama dakika 6 kabla mzigo wake haujaanza kusagwa. Wakija wanane, dakika 24. Tisa, dakika 54! Mashine ileile, Yohana yuleyule. Na hata kwa hao wanane, katika kila saa tano ana saa moja hivi hana cha kusaga. Ndiyo saa unayopita wewe.

Mimi nilishafanya kosa hilo. Semeni, yule binti wa mashine ya kopi, nilimtoa wakati wa mitihani kwa sababu ya foleni. Niliyemweka baada yake akapata foleni ileile, na karatasi akaharibu zaidi. Juzi darasani namba zilipotokea kwenye skrini nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Sasa sikia kilichonishangaza. Nilipopunguza dakika moja tu, sita ikawa tano, ile 24 ikashuka hadi 10. Dakika moja, Neema! Yohana si ndiye anapima, anapokea hela, anatafuta chenji, halafu ndiye anasaga? Akikaa mtu mwingine kwenye mzani... Mashine ya pili nayo nilitaka kuijaribu, lakini hiyo ni hela ya mkopo, sitaki kukupigia ramli kwa namba za kubahatisha. Nilichojenga kinadhani siku zote ni sawa, na Jumamosi yenu mimi naijua.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Nunua daftari, kwa wiki mbili mtu aandike kila mteja: kafika saa ngapi, kaanza kusagiwa saa ngapi, kamaliza saa ngapi, debe ngapi. Yohana asiandike yeye, atajipendelea, ningekuwa mimi ningejipendelea. Nipigie picha kurasa zote.

Na nijibu haya: umeme ukikatika wanaosubiri huondoka au hukaa? Wa dona na wa kukoboa wanapanga foleni moja? Wenye sado moja wakitangulizwa, wenye magunia watakubali au watazua ugomvi? Siku ya mnada je? Yohana mwenyewe umeshamwambia, au bado hajui? Kama bado, nyamaza. Na mguu wa mama umepona?

Wako,
Asha