KUH: Baba yangu kutolewa nje ya sebule ya hoteli yenu usiku wa Ijumaa, 7 Novemba 2025

Kwa Meneja Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nimeambatanisha tafsiri ya Kiingereza, lakini barua yenyewe ni hii ya Kiswahili, kwa kuwa Baba ameniagiza nimsomee kwa simu kabla sijaituma.

Masharti yenu ya vyumba mnayajua kuliko mimi, sitayarudia. Nililipa pauni 289 kwa usiku, siku mbili, kwa chumba cha jengo la zamani: dari ya juu, dirisha la upinde, na chini yake reli. Kwenye nafasi ya maombi maalumu niliandika sababu: Baba alikuwa dreva wa reli, nataka aone treni akiwa kitandani. Mkatupa chumba kipya cha nyuma. Kitanda kizuri, sikatai, na sakafu ya bafu ina joto, lakini dirishani ni mapipa ya jikoni na mtambo wa hewa unaonguruma hadi alfajiri. Mapokezi wakaniambia mbele kumejaa. Saa mbili usiku nikafungua tovuti yenu: chumba cha mbele kipo, pauni 341.

Hilo ningelimeza.

Lakini saa nne na nusu usiku huohuo, Baba, mzee wa miaka 78, mgeni wenu aliyelipiwa, alitolewa kwenye sebule ya chini na mfanyakazi wenu, akapelekwa hadi mlango wa upande wa stesheni, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mlango ule baada ya saa nne haufunguki bila kadi. Kadi nilikuwa nayo mimi, juu, nikibishana na mapokezi kwa simu juu ya chumba. Nilimkuta dakika 25 baadaye kwenye benchi la jukwaa, amevaa kanzu na sweta, mikono ameificha kwapani. Akaniambia, "Usigombe, mwanangu. Nimeziona treni tatu."

Jumatatu naibu wako akaniandikia kwamba anasikitika "ikiwa nilijisikia" kutotendewa vyema, akaniwekea na kuponi ya asilimia 15 ya chai ya Jumapili. Sikujisikia, Bwana Meneja. Aliyetolewa si mimi. Na chai ndiyo aliyonyang'anywa.

Nirudie basi, polepole, maana jibu lile linaonyesha hakuna aliyesoma. Baba alishuka sebuleni baada ya kuswali Isha kwa sababu madirisha ya sebule ndiyo pekee yaliyobaki ya kuonea treni. Akaagiza chai, akaletewa. Alikuwa ameshatia sukari, anakoroga. Mfanyakazi akamwendea na kumwambia kwamba watu wa stesheni wana chumba chao cha kusubiria. Baba akamjibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni kizuri, alifanyia kazi: mimi ni mgeni, akataja na namba ya chumba. Akaombwa kadi. Akasema kadi iko kwa binti yangu, mpigieni simu. Hakuna aliyepiga simu. Kikombe kikaondolewa mkononi mwake, kijiko kingali ndani. Akashikwa mkono juu ya kiwiko, akainuliwa. Haya sikuyaona mimi. Nimeyasikia kwa mama mmoja, mgeni wenu pia, aliyekaa meza ya pili na aliyenifuata Jumamosi wakati wa kifungua kinywa. Yeye alikaa pale tangu saa mbili na hakuulizwa kadi. Aliona haya kwa niaba yenu. Namba yake ninayo, na yuko tayari kusema.

Ukutani, juu ya kiti alichoinuliwa Baba, mmetundika picha ya wafanyakazi wa reli wa enzi ya Malkia Victoria, wameshika taa zao. Baba alikuwa akiitazama. Aliingia reli ya Afrika Mashariki mwaka 1968, akaanza kama msaidizi wa dreva kwenye Garratt za aina ya 59, injini za mvuke za tani 252 zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, na shirika lilipovunjika 1977 akabaki upande wa Kenya hadi akastaafu. Injini zile zilitengenezwa Manchester. Zilipofika Kilindini hakuna aliyeziomba kadi.

Ijumaa hiyohiyo mchana, tukiwa kwenye treni ya kuja kwenu, alikuwa akinihadithia kwamba hoteli kama hizi zilijengwa na kampuni za reli zenyewe, kwa ajili ya abiria. Alikuwa na furaha ya mtoto. Jumamosi nilitaka kumpeleka York kwenye makumbusho ya reli akaione Mallard, ile injini ya mvuke mashuhuri. Hakutaka kutoka chumbani. Akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, bora akae.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai radhi tu: barua ya kumwomba Baba msamaha, kwa jina lake, yenye sahihi yako na si ya naibu. Hiyo bado naitaka. Ila nikiisoma tena ile barua pepe ya kuponi naona haitoshi. Nirudishieni pauni 578 zote. Na umpigie simu mwenyewe, Mombasa, umweleze ni kipi kilichomfanya aonekane mtu wa stesheni. Nataka pia picha za kamera za sebule na za mlango, Ijumaa kuanzia saa nne hadi saa tano na nusu usiku. Baba anaziomba kwa sahihi yake iliyo chini ya barua hii, na sheria inawapa mwezi mmoja. Zikipotea nitajua kwa nini zimepotea.

Nawapa siku 14. Baada ya hapo sitaandika tena kwa adabu hii. Madai yatakwenda mahakamani chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, na fidia sitaitaja hapa, nitamtajia hakimu. Wakati huohuo barua hii, kwa lugha zote mbili, itasomwa na kila Mswahili ninayemjua Uingereza hii, na nawajua wengi, wanaooa na kuozesha na kutafuta kumbi.

Wako,
Binti wa mgeni wa chumba 417

Tena: miwani ya Baba ya kusomea ilibaki kwenye meza ile, karibu na kisahani. Nimeiulizia mara mbili. Fremu ni ya kahawia, mkono mmoja umefungwa uzi.